Talaka Nisiyoikumbuka

Asubuhi ile nilikuwa barazani kwangu, mtaa wa Shika Adabu, nadarizi kofia ya bwana harusi. Mke wangu, Mwanaisha, alitoka na chai akanikuta nimeshona tundu pasipo mahali pake. "Mkono wako una haraka ya kwenda wapi?" akaniuliza. Nikacheka. Miaka sita ya ndoa, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa chumvi ya mchuzi.

Usiku wake kituo cha polisi kikavamiwa na vijana waliotaka watu wa bara wahame pwani. Nyumba za watu hao zikachomwa, kisha askari wakaingia mitaani kuwasaka wavamizi. Tukajifungia ndani.

Siku ya tatu maji yakatuishia. Nikatoka na dumu.

Uchochoroni watu walikuwa wakikimbia. Nikakimbia nao.

Rungu likanipata kisogoni. La askari au la mvamizi, wallahi mpaka leo sijui.

Nilizinduka nyumbani. Mwangaza uliniumiza macho, na maneno yalinitoka kombo. Mwanaisha nilimwita kwa jina la dada yangu marehemu. Wanasema baada ya siku mbili nilimtupia sahani, nikamtamkia talaka tatu mbele ya mamake. Sahani naikumbuka. Talaka siikumbuki.

"Jana umeniacha," Mwanaisha alisema huku akilia, "na leo waniuliza mbona sijakuletea chai?"

Shehe wa mtaa akatuweka kitako. Alisema talaka ya asiye na akili zake haipiti, basi nilete karatasi ya hospitali ya kuthibitisha. Nilifurahi mno! Kwetu, ukiumwa chochote hutolewa damu, na damu ikishasema imekwisha. Nikaenda zahanati, nikadungwa kidole, nikarudi na karatasi yangu.

Shehe akaisoma. "Damu ni safi. Huyu ni mzima."

Nami nikaamini. Lakini kama ni mzima, nani aliyekuwa akinivurugia kichwa? Mwanaisha alikuwa akikunja kanga zake. Nilitaka kumwambia asiende, neno likakataa kuja.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia mpwa wangu, anayefanya kazi maabara.

"Mjomba, pale walikupima malaria," akasema. "Siku hizi kuna kipimo cha damu kwa aliyepigwa kichwani, husaidia kujua kama ubongo umeumia. Enzi zile hakikuwapo."

"Basi nipime."

"Damu yenyewe hutolewa mapema, mjomba, saa chache baada ya kupigwa. Damu ya leo haiwezi kusema ya siku ile."

Mwanaisha ana mume Kisauni, na watoto wanne. Mara mbili nimevaa nikitaka kwenda kumweleza, mara mbili nimevua. Nikisema talaka ile haikupita, ndoa yake niiite nini, na wale watoto? Basi nimenyamaza. Lakini naumia, na sijui hata kama nina haki ya kuumia.