Msamaha wa Kodi ya Nyumba ya Mpemba

Ile siku tuliyokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilivaa viatu vya kanisani na bado nikatoka nyumbani nimekasirika. Nakusimulia kwa kuwa nasikia nawe unataka kujenga kwenye shamba la baba yako. Vizuri, jenga. Lakini keti kwanza.

Kijana wangu Festo anafanya kazi ya kutoa mizigo mpakani, Tunduma mjini. Baba yake alipofariki, Festo alijenga nyumba hapa Mpemba, kwenye ardhi ya ukoo wao. Matofali tuliyafyatua hapa hapa, mafundi niliwapikia mimi, na ilipoezekwa akaniambia nihamie, niitunze. Yeye aliendelea kupanga mjini. Chumba kikubwa alikifunga kufuli, akasema ni chake siku akija. Sikubisha. Kijana aliyejenga mwache ajidai kidogo.

Kisha binti yangu Sekela akarudi kutoka Galula kwa bodaboda, na watoto wawili. Mumewe alikuwa amemwacha bila hata kuaga. Walilala kwenye mkeka sebuleni. Nilimpigia simu Festo alete ufunguo wa kile chumba, akanijibu, "Mama, nyumba yangu siyo kambi. Nampa mwezi huu, atafute pa kupanga." Apange kwa pesa gani, na hana kazi? Iliniuma sana.

Tena haikuwa mara ya kwanza kusikia maneno ya namna hiyo. Nilikuwa bi harusi mgeni kwenye ardhi hii hii nilipomwona mama mkwe wangu akimkemea mume wangu, aliyetaka kumfukuza dada yake. "Huyu kazaliwa hapa kama wewe," alimwambia, "na mimi bado nipo." Mume wangu, na ndevu zake zote, akatazama chini. Maneno yale niliyaweka moyoni.

Sasa, kila tukinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa humo humo. Mnunuzi alikuwa Festo, na ilimkera. Wenzake wakamwambia kwamba mzee aliyevuka miaka sitini kama mimi, akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anaweza kuomba msamaha wa kodi hiyo, na hata kuomba arudishiwe ile iliyokwisha kukatwa. Akaja mbio.

"Mama, tunaanza kwa mwenyekiti atuandikie barua. Akikuuliza, sema nyumba ni yako."

"Na Sekela?"

"Hayo mengine, mama. Hii ni ya kodi tu."

Ndipo nikavaa viatu vyangu. Mwenyekiti wetu ni mtu mpole, anauza mbegu za mahindi. Alichukua kalamu akauliza, "Haya, nyumba ni ya nani?" Festo akadakia, "Ya mama."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Festo, tukitoka hapa itakuwa ya nani?"

Alicheka. Mimi sikucheka, na mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Mama, unanitia aibu."

"Bado sijakutia. Kama hapa ni yangu na nyumbani ni yako, mimi sisemi uongo kwa ajili ya kodi. Lipa tu, kazi unayo. Lakini ukisema ni yangu, basi mwenye nyumba ndiye anayeamua nani alale humo."

Akafuta jasho. Nilimwonea huruma, maana najua alivyohangaika na saruji ile. Mwishowe akasema polepole, "Ni yako, mama. Andika, mwenyekiti."

Tulipofika nyumbani nikanyoosha mkono, akanipa ufunguo. Watoto waliburuta mkeka wao hadi chumbani wakipiga kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Msamaha ulitugharimu safari kadhaa za ofisini, leo rudi kesho rudi, lakini tuliupata. Na Jumapili moja Festo alikuja, akasimama mlangoni, akapiga hodi. Hakuwa amewahi kupiga hodi pale. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. "Ingia, baba," nikamwambia, "kwani umekuwa mgeni?" Akaingia, akakaa chini na wapwa zake.

Kwa hiyo, mwanangu, kodi usiyostahili kulipa, dai msamaha wake bila haya. Fuata barua, fuata ofisi, wakikurudisha nenda tena. Ila kabla hujafyatua tofali la kwanza kwenye ardhi ya familia, waite wote waliozaliwa hapo, mkubaliane nyumba itakuwa ya nani. Na jibu utakalompa mwenyekiti liwe lile lile unalompa dada yako. Mungu akupe nguvu za kuimaliza, bati lako lisivuje, na siku dada yako atakapokuja na watoto wake jioni, usitafute ufunguo, akute mlango uko wazi.