Bibi wa mbuzi aliyeniuliza habari

Leo nimemliza bibi wa watu kwa sababu ya pumzi tu.

Mnanijua mimi. Mlima wa moto wa Ngazija niliupanda na kanzu, mgongoni nimembeba mzee. (Msicheke.)

Asubuhi basi la Nizwa limetushusha Birkat al Mauz, huku Oman, mimi na binti yangu Salma. Hapo inaanza njia ya zamani ya punda, ya kupandia mlima wa Jabal Akhdhar.

"Baba, polepole."

"Polepole gani? Huu mtoto wa mlima!"

Nikatoka mbio.

Juu nikamkuta bibi anachunga mbuzi. Akaniuliza, kama desturi ya huku: "Habari za utokako?"

Jawabu mnalijua. Unasema kheri kwanza, hata nyumba ikiungua, ndiyo mengine yafuate.

Kheri haikutoka. Pumzi zimekatika, mkono kifuani, kichwa nimeinamisha.

Bibi akaangusha fimbo. "Mwanangu kafa?"

Kumbe mwanawe kapasuliwa leo asubuhi, hospitali Nizwa, na kule juu simu haishiki. Kaona mtu mzima anapanda mbio kutoka chini, hasemi, akadhani naleta msiba.

Salma akafika anapiga kelele: "Kheri, bibi! Huyu baba yangu, kachoka tu!"

Bibi akakaa chini, akalia.

Kilele tumekiacha. Tukashuka naye mpaka simu iliposhika, mbuzi nawachunga mimi. Mwanawe kapokea mwenyewe, kwa sauti ya usingizi. Anaomba supu.

Miaka yote nikidhani kheri ni adabu tu. Leo nimemuona mtu anaisubiri.

Nyinyi je, mkiulizwa habari, mnaanza na nini?