Damu Ndani ya Makaa ya Khavere

Khavere wa Shauri Moyo alikuwa na mikono myeusi isiyotakata hata Krismasi, na wala hakujali. Miaka kumi na minane alikanda vumbi la makaa kwa damu ya ng'ombe aliyopewa bure na Ooko, muuza nyama wa buchari ya sokoni, akafinyanga matonge, akayachoma upya ndani ya pipa lililozibwa kwa udongo. Damu hiyo ilikuwa siri yake. Akina mama wa kanisani wangejua, nani angepikia makaa yale?

Basi akaja Daktari Ng'ang'a, mtafiti wa chuo. Alitaka kaboni ya kushika nafasi ya platini, madini ya bei ya kuua, ndani ya mitambo inayogeuza hidrojeni kuwa umeme. Alikuwa amejaribu makaa ya nusu ya mitaa ya Eastlands. Ya Khavere peke yake ndiyo yaliyofanya kazi.

"Mama, tengeneza mengine mbele ya wafadhili wangu. Taa ya mtambo ikiwaka kwa makaa yako, kazi ya maabara ni yako, ya kudumu."

Kazi ya kudumu! Khavere alilia pale pale, mjane wa watu.

Sasa sikia alichofanya, maskini. Wageni wa suti wanakuja, utawawekea ndoo ya damu yenye nzi? Mwanamke aliyelelewa vizuri hathubutu. Akasugua pipa, akafua leso, akakanda vumbi kwa uji safi wa muhogo.

Taa haikuwaka.

"Umenifanya mjinga," Ng'ang'a akamwambia mbele ya wote. "Yale ya kwanza uliyaiba wapi?"

"Sikuiba, Daktari! Niliacha damu. Ya ng'ombe. Niliona haya, haki ya Mungu. Nipe wiki moja tu."

Ng'ang'a akatoa kalamu. "Chuma na nitrojeni ndivyo vinavyofanya kazi ya platini, na vyote vimo kwenye damu," akawaeleza wageni, uso umeng'aa. Akamuuliza Khavere kipimo, saa za motoni, na damu hutoka wapi. Khavere akajibu yote, akidhani anasamehewa.

"Asante, Mama. Tutakupigia."

Nani apige! Wiki ya tatu Khavere akabeba ndoo yake hadi kwa Ooko kama kawaida. Ooko hakumtazama usoni.

"Dada, siku hizi damu yote inabebwa na gari la chuo."

"Hata ndoo moja?"

"Hata kikombe. Wamesema hasa wewe usipewe."

Khavere akaipindua ndoo, akaikalia pale pale sokoni.