Baba wa Watoto wa Memsahibu

Sisi tuliokulia kwenye baridi ya Molo, siku zile walowezi walipoanza kufunga virago, hatukuwa na mbwa wa kubembeleza. Mbwa alikuwa na kazi yake pale nyumbani kama mtu mwingine yeyote. Hapa Stockholm namwona mbwa amevalishwa koti na viatu vinne, anapelekwa chekechea asubuhi mwenye mbwa akienda kazini, na jioni anachukuliwa akiwa amechoka kwa kucheza. Nikimwambia mjukuu wangu Neema kwamba mbwa wetu walikula maganda ya viazi na kulala kwenye umande, ananijibu kwa Kiswidi kwamba ningeripotiwa polisi.

Lakini wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Mnakumbuka miguu mitupu kwenye nyasi zilizoganda, harufu ya sufu mbichi, moshi uliokataa kutoka jikoni, na viazi vya kuchoma vilivyoliwa na majivu yake. Shuleni tulikimbia kilomita nne, na aliyechelewa alijua kinachomngoja. Jioni tulicheza mpira wa matambara mpaka mama aite mara ya tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza hazikuhesabiwa.

Baba alikuwa mchungaji wa kondoo kwa mlowezi mmoja. Yule bwana alipoondoka alimwachia Baba jike la mbwa wa mbio, wale wembamba wa Kizungu wenye kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani. Tulimwita Memsahibu kwa sababu alizoea kulala juu ya kochi, na siku ya kwanza kwetu alizunguka nyumba nzima akilitafuta. Akimwona mbweha alikuwa mshale. Ila ukimwita alikuwa kiziwi kabisa, na alirudi alipotaka mwenyewe, pengine kesho yake.

Baba naye alikuwa na kondoo wake thelathini, na mbweha walikuwa wakimmalizia wana-kondoo. Akaamua kumpandisha Memsahibu kwa mbwa wa kuchunga, apate chotara mwenye mbio za mama na masikio ya baba. Mbwa huyo angekuwa wa kaka yangu Njoroge, ambaye alikuwa amekaribia kukabidhiwa kundi.

Kijijini kulikuwa na madume mawili ya kufikiriwa. Chui, wa Mzee Koros, alikuwa mweusi mwenye ukosi mweupe, mrembo, na kondoo asiyemtii alimng'ata mguu. Bata, wa Mama Wairimu mjane, alikuwa mfupi wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika, na alitembea akiyumba kama jina lake. Baba aliwapima siku moja malishoni. Alimtuma kila mmoja akimbize kundi kwa nguvu zote, kisha katikati ya mbio akapiga mluzi mmoja tu. Chui alikwenda hatua ishirini zaidi, akang'ata mmoja, ndipo akageuka. Bata alilala chini pale pale, kana kwamba amepigwa risasi.

"Ni huyu," Baba akasema.

"Huyu?" Mzee Koros akacheka. "Utazalisha bata wa mbio, wewe!"

"Mbio watapewa na mama yao. Mimi nawatafutia baba wa kusikia."

Wazee walicheka, na mimi niliona aibu hadi masikioni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shuleni nilikuwa nimeshatangaza kwamba mbwa wetu watakuwa wa damu ya Chui. Nilikwisha kuwaahidi marafiki watatu mtoto mmoja mmoja. Memsahibu aliposhikwa na joto, Baba alimfungia bandani na kumweka Njoroge amlinde hadi siku ya kumleta Bata. Adhuhuri moja Njoroge alikwenda mtoni kuteka maji. Nilimfuata Chui kwa Mzee Koros, nikamvuta kwa kamba hadi kwetu, nikafungua komeo. Njoroge aliporudi na ndoo, nilikuwa nimeshalirudisha komeo na Chui yuko kwao.

Bata aliletwa kama ilivyopangwa. Watoto walipozaliwa, wote sita walikuwa weusi wenye ukosi mweupe.

Baba hakuniuliza mimi. Alimwita Njoroge mbele ya jiko. "Ulifungua?"

"Sikufungua, Baba."

"Basi lilijifungua?"

Nilikuwa nimekaa hapo hapo na kiazi cha moto mdomoni. Nilikimeza kizima, nikanyamaza. Njoroge alipigwa fimbo, na kwa kila fimbo alirudia kwamba hakufungua. Hakulia. Baba alichukia zaidi uongo kuliko komeo, na alidhani anausikia uongo.

Bado aliwalea wale watoto, akitumaini. Walipokuwa wakubwa hakuna mbweha aliyewashinda mbio, na mimi nilitamba shuleni. Kisha asubuhi moja kondoo wa Mama Wairimu walishtuka wakakimbia, na mbwa wetu wakawakimbilia. Baba alipiga mluzi hadi midomo ikakauka. Hakuna aliyesikia. Mama Wairimu alikuwa na kondoo wanne, na wote waliuawa. Baba alimpelekea wanne wetu walio bora. Kisha akawafunga mbwa wote kamba, akashuka nao bondeni, akarudi na kamba tu.

Jioni ile alimwambia Njoroge, "Komeo tu limekushinda. Kundi utaliweza?"

Njoroge akaenda Elburgon kupasua mbao, akarudi baada ya miaka mingi akiwa amepungukiwa vidole viwili. Kundi lililokuwa liwe lake liliuzwa kidogo kidogo, nikasomeshwa mimi sekondari. Kusoma kwangu na kuandika huku kunatoka kwa kondoo wa kaka yangu.

Msimu uliopita wa kupukutika majani nilikuwa kwenye uwanja wa nyasi huku kwetu Rågsved, pembezoni mwa Stockholm. Jirani mmoja, mama wa Kiswidi, alikuwa na mbwa mwembamba mwenye manyoya ya kutimka. Nilimuuliza damu yake, akasema mama ni wa mbio, baba ni wa kuchunga. Sungura akachomoka kichakani, mbwa akaruka nyuma yake, akawa karibu kabisa kumshika. Yule mama akapiga mluzi mmoja, na mbwa akasimama. Nilikaa kwenye benchi.

Siku hiyo nilinunua kadi ya simu nikampigia Njoroge. Nilimweleza yote, pamoja na kamba na komeo.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi tangu siku ile najua kwamba sikufungua. Asiyejua alikuwa Baba."

Kisha akaniuliza kama huku kumeanza baridi.

Juzi Neema alivunja bakuli la mama yake. Kabla hajaulizwa alipiga kelele kutoka jikoni: "Det var jag!" Ni mimi. Mama yake akamwambia afagie, akafagia, yakaisha, akarudi kwenye kompyuta yake bila hata uso wa majuto. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kwamba enzi zetu mtoto asingejibu hivyo. Nikaufunga.

Maana ni kweli, enzi zetu tulikuwa na adabu. Mkubwa alipoingia tulisimama, tulipokea mzigo kwa mikono miwili, na hatukumtazama baba machoni. Watoto wa leo hawasimami kwa mtu yeyote. Mimi nilisimama wima mbele ya baba yangu kwa miaka kumi na miwili, hadi tulipomzika, na maneno yale mawili hayakunitoka.