Folda ya Harusi ya Fardosa

Wanawake wa mtaa wa nyuma ya msikiti, Bungoma mjini, walikuwa na mpiga picha wao, jina lake Sabiha. Studio aliirithi kwa babake, mzee aliyepiga picha za pasipoti na za familia mpaka macho yakamwishia nguvu. Lakini kazi iliyomjengea Sabiha jina ni ile ambayo babake hangeweza kuifanya hata angetaka. Siku ya hina, bibi harusi akiwa kichwa wazi, nywele zimeachiliwa mgongoni na mikono imenyooshwa ikauke, mwanamume haingii chumbani. Sabiha aliingia. Mlango ulifungwa nyuma yake, mitandio ikavuliwa, vicheko vikaanza, naye akapiga picha ambazo zingeonwa na bibi harusi, mamake na dada zake, basi.

Hakuna aliyewahi kumwapisha. Nani atamwapisha mtu aliyemwona akikua?

Mwaka wa 2006 alinunua kamera ya dijitali, na kompyuta ambayo ilikuwa imeshatumika ofisini kwa watu. Kakake Zahid, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi huko Kitale, ndiye aliyemtia wazo kichwani.

"Siku hizi watu wanaonyesha kazi yao kwa mtandao," alimwambia. "Kuna jamaa hapa Kitale ameweka picha za harusi, anapigiwa simu mpaka na watu wa Eldoret. Na wewe unamshinda mbali."

Maneno hayo yalimkaa Sabiha moyoni. Shule aliiacha kidato cha pili, mama alipougua, na tangu hapo hakuna aliyemfundisha kitu kipya isipokuwa babake. Alitaka kujua jambo moja ambalo hakurithi. Basi kila Jumatano alifunga studio na kupanda Kitale, kwenye saiba moja ya ghorofani, duka la kukodisha kompyuta na mtandao, ambako msichana aitwaye Jepkemboi alifundisha watu kompyuta katikati ya kuhudumia wateja.

Jepkemboi alikuwa mwalimu mzuri. Hakucheka wanafunzi, ila pale wao wenyewe walipoanza kucheka. Alimfundisha Sabiha kwamba ukurasa wa tovuti ni maandishi ya kawaida yenye alama zake, na alama hizo hufunguliwa na kufungwa.

"Ukifungua, madam, lazima ufunge. Usipofunga, itakuaibisha."

Na kweli. Wiki ya pili Sabiha alisahau kufunga alama moja tu, ukurasa mzima ukawa herufi nene kama tangazo la mazishi. Wiki iliyofuata, mahali palipotakiwa kuonekana picha pakaonekana kisanduku chenye alama nyekundu ya kukata. Alihangaika nacho mpaka jasho likamtoka.

"Si uko na picha yake?" aliuliza Jepkemboi, akaisogelea skrini. "Aa, nimeona. Umeambia ukurasa utafute picha kwa kompyuta yako ya Bungoma. Sasa mtu wa Mombasa ataipata aje, na kompyuta umeizima, umeifunika na kitambaa?"

Hapo walicheka wote wawili.

Kupakia faili mtandaoni ndiko kulikomwogopesha zaidi. Programu yenyewe iligawanya skrini pande mbili. Jepkemboi alimwonyesha kwa kalamu: "Huku kushoto ni kwako. Huku kulia ni kwa watu wote. Unashika faili, unavuta, unaachilia. Lakini chagua moja moja, madam. Usivute kitu hujui kiko na nini ndani."

Siku ukurasa wake ulipofunguka kwa mara ya kwanza, jina la studio limeandikwa juu kwa rangi ya buluu na chini yake picha ya maua ya ukumbini, Sabiha alimpigia Zahid simu aje. Zahid alikuja na vumbi la saruji mikononi, akasimama nyuma ya kiti cha dadake asiguse chochote.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Zahid, bana, nimekuambia ni mimi!"

Sabiha aliporudi Bungoma alimwita mchoraji, akamwandikisha anwani ya tovuti kwenye kibao cha studio, herufi kubwa, zisomeke kutoka barabarani.

Mwezi uleule aliolewa Fardosa. Huyu alikuwa binti wa jirani, mdogo kwa Sabiha kwa miaka mingi, lakini walipendana kama ndugu wa tumbo moja. Siku yake ya hina Sabiha alishinda chumbani kutoka adhuhuri. Fardosa alikuwa na nywele ndefu ambazo hata wenzake wa madrasa hawakujua urefu wake. Mamake, mjane mkimya aliyekuwa akiiona kamera anageuza uso, siku hiyo alishindwa kujizuia. Mmoja wa mashangazi alisema jambo la kipuuzi kuhusu waume, yule mama akatupa kichwa nyuma akacheka, na Sabiha akamwahi kwa kamera.

Picha hizo aliziweka kwenye kompyuta ndani ya folda moja aliyoiita "Fardosa". Humo mlikuwa na zote: za hina, za ukumbini, za keki, za bwana harusi Adan akishuka garini. Kisha akaihamishia folda hiyo kwenye flashi, akaenda nayo Kitale siku ya Jumatano.

Nia yake ilikuwa kuweka picha tatu tu, ya ukumbi, ya keki, na ya mikono ya bibi harusi yenye hina bila uso, na ya mikono alikuwa ameshaombea ruhusa. Lakini siku hiyo mvua ilianza mapema. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, na Jepkemboi alikuwa amezingirwa na wateja waliopoteza kazi zao. Sabiha alivuta faili moja, ikakwama. Akavuta tena, ikakwama. Alitazama nje mawingu yalivyotanda, akafikiria barabara ya kurudi nyumbani, akaishika folda nzima akaivuta kutoka kushoto kwenda kulia.

Alijiambia haina shida. Kwenye ukurasa wenyewe angetaja picha tatu tu, na zile nyingine, kwa kuwa hazikutajwa popote, nani angejua zipo? Ni kama vitu vilivyo chumba cha ndani, mgeni akiwa sebuleni. Hivyo ndivyo alivyoelewa. Angeweza kumuuliza Jepkemboi, aliyekuwa hatua chache tu kutoka alipokaa, lakini aliona haya kumsumbua na jambo dogo.

Ukurasa ulitokea vizuri, wenye picha tatu. Sabiha alirudi nyumbani ameridhika.

Haukuisha mwezi. Kijana mmoja wa mjini aliinakili ile anwani ya kibaoni, akaingia kwenye saiba iliyokuwa karibu na soko, akafungua ukurasa, akabonyeza picha ya keki. Halafu, kwa udadisi tu wa vijana, akafuta mwisho wa anwani akabakisha jina la folda. Chumba cha ndani hakikuwa na mlango. Picha zote zilijipanga mbele yake kwa majina. Akawaita wenzake.

Sabiha alipata habari kwa Fardosa mwenyewe. Alikuja saa tatu asubuhi, amejifunika mpaka macho, akasimama karibu na pazia la studio. Hakukaa.

"Dada Sabiha, shemeji yangu ameniona."

"Amekuona wapi?"

"Kwa kompyuta. Nywele zangu. Amesema hata wavulana wa stendi wameniona." Sauti yake haikupanda. "Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia dada Sabiha hawezi. Sasa nimekuja uniambie haiwezekani."

Sabiha alifungua kinywa. Alianza kueleza habari za folda, za mvua, za kuvuta kutoka kushoto kwenda kulia, na alipojisikia akieleza, akanyamaza.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema Fardosa, akatoka.

Siku hiyohiyo Sabiha alikimbilia Kitale. Jepkemboi alimfungulia programu, na Sabiha akafuta kila kitu upande wa kulia. Kisha akarudi Bungoma, akaingia kwenye ile saiba ya karibu na soko, na mbele ya wateja akamlilia mwenye saiba, mtu aitwaye Kimutai, afute chochote kilichobaki kwenye mashine zake. Kimutai aliona huruma, akapita mashine moja baada ya nyingine akafuta, hata zile ambazo vijana walikuwa wameficha.

Jioni Sabiha alikaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe. Alitaka aweze kwenda kwa Adan na kwa wazee na kuapa kwamba hakuna picha hata moja iliyosalia duniani. Akaifuta folda. Akafuta na flashi. Sidii ya picha hizo aliyokuwa ametayarisha kumpelekea Fardosa kama zawadi ya harusi aliivunja vipande kwa magoti yake.

Aliapa, na Adan akamsikiliza. Adan hakuwa mtu mbaya. Hakumwacha mkewe, lakini hakuweza kupita mjini bila kujiuliza nani ameona nini, na baada ya muda mfupi akahamia Malakisi, alikokuwa na mjomba mfanyabiashara. Fardosa akaenda naye. Mamake akabaki peke yake nyuma ya msikiti.

Wanawake hawakumtukana Sabiha. Waliacha kumwita tu. Harusi zilikuja, zikapita mbele ya studio na ngoma zake, na yeye akaendelea na picha za pasipoti. Anwani iliyokuwa kibaoni aliipaka rangi. Kitale akaacha kwenda, ingawa Jepkemboi alimpigia simu mara kadhaa kumwambia kwamba kosa kama lile hata waliosoma hulifanya. Hilo halikumsaidia. Aliyekosewa hakuwa kompyuta, alikuwa Fardosa.

Mamake Fardosa alifariki mwaka wa 2008, ghafla, baada ya kuugua siku chache. Sabiha alienda matangani, akakaa nyuma, akaosha vyombo na wengine. Fardosa alimwona, akamwitikia salamu, na zaidi ya hapo hawakuzungumza.

Wiki chache baadaye Fardosa alikuja studio, mtoto mgongoni. Safari hii alikaa.

"Nimekuja kwa sababu ya mama," alisema. "Hana picha. Kitambulisho tulirudisha serikalini, na hata kwa hicho amekunja uso kama ameikasirikia dunia. Lakini siku yangu ya hina alicheka. Nakumbuka ulimpiga. Nilikuona."

"Nipe siku chache," alisema Sabiha.

Alijua hana, lakini alitafuta. Alipanda Kitale baada ya muda wote ule. Jepkemboi alimpokea vizuri, akamsikiliza, akatikisa kichwa. Kule kulia, alisema, ukifuta umefuta. Wenye mitambo inayohifadhi tovuti wako ng'ambo na hawaweki takataka za watu. Na ile kompyuta ya Bungoma ilikuwa imeandikwa vitu vingine juu kwa miaka miwili. Alitafuta programu moja ya kufufua faili, akampa Sabiha kwenye flashi aende nayo. Sabiha aliiendesha kutwa nzima. Ilileta vipande vya picha za pasipoti, nusu nusu za nyuso za watu asiowakumbuka.

Palibaki mahali pamoja. Aliingia tena kwenye saiba ya karibu na soko, akamngoja Kimutai amalize na wateja.

"Zile picha," alisema. "Za ile harusi. Pengine kuna kijana alibaki nazo?"

Kimutai alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Mama, si wewe ulikuja kulia hapa tufute? Tulifuta zote. Na wale vijana niliwasumbua mpaka wakatoa hata zile walikuwa wameprinti, nikachoma."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nilikuahidi."

Sabiha alimshukuru. Alitembea mpaka nyumbani kwa marehemu, ambako Fardosa alikuwa akipanga vyombo vya mamake, akamwambia ukweli bila kuzungusha. Alisema alifuta kushoto na kulia, akavunja na sidii, kwa sababu alidhani akifuta kila kitu atakuwa amemsafisha.

Fardosa alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini taratibu.

"Ulipoziweka hukuniuliza," alisema. "Na ulipozifuta pia hukuniuliza. Zilikuwa picha zangu, dada."

Mtoto alianza kulia, Fardosa akamchukua, akambembeleza akitembea huku na huku katika chumba kile kitupu. Baadaye alimwomba Sabiha amsaidie kushika upande mmoja wa kitanda wakitoe nje, na Sabiha akashika. Walibeba vitu mpaka alasiri, bila maneno mengi: shika hapa, pole, ngoja kidogo. Gari la Adan lilipofika, Sabiha alimuuliza Fardosa kama angependa kupigwa picha pamoja na mtoto, bure, siku yoyote, kwa filamu au kwa dijitali, atakavyo.

"Nitafikiria," alisema Fardosa.

Sabiha alingoja. Idi ya mwaka ule ikapita, na iliyofuata pia. Fardosa hutuma salamu kila mtu wa mtaa anapokwenda Malakisi, na salamu zenyewe ni za kweli. Humuulizia afya yake na ya Zahid. Kuhusu picha hajasema neno.