Kisanduku cha Taa Mbili

Kila mji wenye reli au bandari una duka la namna hii: chumba kirefu chembamba, kinachonuka risasi ya kuchomea, ambamo redio za watu waliokwisha kufa zinasubiri warithi wasiokuja. Asubuhi hiyo benchi la wateja lilikuwa na wazee wawili na binti mmoja aliyeomba ruhusa hospitalini, anakofanya kazi ya uuguzi, ili amnunulie baba yake zawadi ya kustaafu.

Baba huyo aliitwa Mapafu. Jina alilipata ujanani, alipokuwa akipuliza tarumbeta ya pili katika bendi ya dansi, nalo likamganda hata baada ya miaka mingi ya kupaka magari rangi kumwachia kikohozi cha kubweka. Mzee wa pili, Besi, alipiga gitaa zito katika bendi hiyohiyo. Alipenda kusema kuwa rafiki yake ndiye mtu pekee duniani aliyepewa jina kwa heshima, likageuka dhihaka bila kubadilika herufi.

"Baba, kwani bila hicho kisanduku santuri hailii?" binti aliuliza.

"Inalia, mama. Ila inalia kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi."

Fundi, mwenye duka, alicheka huku akipangusa mikono. Sauti inayotoka kwenye sindano, alieleza, ni nyembamba kama uzi. Priampu, yaani hicho kisanduku, ndiyo inayoinenepesha kabla ya kuikabidhi amplifaya. Hizi anazouza yeye hutumia taa za kioo, kama redio za zamani, zinazowaka taratibu kama makaa.

"Taa zina joto," Mapafu alisema, kwa sauti ya mtu anayenukuu maandiko.

"Na pasi nayo ina joto," Besi alijibu. "Mbona huisikilizi?"

Mapafu alifungua foronya, akatoa santuri yake. Bendi ilirekodi nyimbo nyingi, lakini yeye alikuwamo katika huu mmoja tu. Muda mfupi baadaye kiongozi alimtafuta mpuliza tarumbeta mwingine. Wanawe wote walikulia ndani ya wimbo huo. Kila Jumapili nyumba nzima ilinyamazishwa, baba akainua kidole: "Sasa! Huyo ndiye mimi!" Nao waliitikia, ingawa walichosikia kilikuwa ukungu tu wa sauti nyuma ya mwimbaji.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumbishia. Kidevu, mpiga saksafoni wao, alimwambia wakiwa baa, mbele za watu, "Bwana, hiyo unayojisifia ni saksafoni yangu." Wakatupiana viti. Hawakusemezana tena, na siku Kidevu alipozikwa, Mapafu alikwenda kazini akapaka lori zima, bodi na chesisi, bila kupumzika.

Ndiyo maana alitaka priampu, na iwe nzuri. Blanketi lifunuliwe, tarumbeta itoke, binti yake aisikie kwa masikio yake mwenyewe. Kidevu abaki mwongo huko aliko.

Fundi aliunganisha kwanza ile kubwa, yenye uso wa kung'aa. Wimbo ukajaa dukani, mnene, mtamu kama uji wenye sukari nyingi. Ubeti wa pili ulipofika, nyuma ya mwimbaji pakavuma kitu.

"Sasa!" Kidole kikapaa. "Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba," binti alisema, kama alivyosema maisha yake yote.

"Chukua hiyo," Besi aliingilia haraka. "Nzuri sana. Twende zetu, njaa inauma."

"Una haraka gani? Tumekuja kuchagua. Fundi, ile ndogo je?"

Ile ndogo ilikuwa ya kusikitikiwa. Fundi aliiunda mwenyewe: bati tupu, taa mbili, swichi iliyong'olewa kwenye feni. "Hii haina urembo, mzee wangu," alisema. "Inatoa kilichomo, basi." Wakasubiri taa ziive. Sindano ikashuka.

Blanketi likafunuka. Mwimbaji alisimama katikati ya duka, ungeweza kumsikia akilamba midomo. Gitaa la Besi lilitembea chini, kila waya peke yake. Tarumbeta ya kwanza ilikaa kushoto. Ubeti wa pili ukaja, kidole kikapaa, na chini ya kidole hicho ikatoka saksafoni. Hapakuwa na la kubisha. Ulisikika ulimi wa mpigaji ukigusa tete, na pumzi yake ikivutwa puani, jinsi Kidevu alivyokuwa akivuta, kama mtu mwenye mafua.

Kidole kilibaki juu.

"Taa mbovu," Mapafu alisema. "Badilisha."

Fundi alibadilisha. Saksafoni ileile.

"Basi kisanduku kibovu. Kimenifuta."

"Mzee wangu, hakina uwezo wa kufuta. Hakina hata uwezo wa..."

"Nimo humo! Besi, waambie. Si tulipiga wote? Si ulikuwa umekaa hapo karibu yangu?"

Besi alikuwa akizitazama skrubu sakafuni. "Tulipiga wote," alisema. "Mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza ipi?"

"Ulikuwa unakwaruza, Mapafu. Uliogopa, midomo ikakauka. Kiongozi akakutuma sigara. Unakumbuka sigara?"

Alikumbuka. Alikumbuka mpaka kaunta ya kioski. Aliporudi, walikuwa wanafunga vyombo, na kiongozi akampiga bega: tumemaliza, kijana, umepiga vizuri.

"Tukarudia bila wewe, ndiyo hiyo iliyotoka. Akatuapisha. Alisema mkeo ana mimba, tusikuvunje moyo." Besi alimtupia binti jicho la wizi. "Mimba hiyo ndiyo wewe, mwanangu. Kidevu peke yake ndiye aliyevunja kiapo, tena kwa ulevi."

"Ukaniacha nisiende kumzika," Mapafu alisema.

"Niliogopa kukupoteza na wewe."

"Baba mdogo," binti alisema, "ungenyamaza tu."

Kikohozi kikamshika Mapafu, kikambwekesha mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua yalikuwa ya nini. Alipotulia aliomba wimbo urudiwe toka mwanzo. Fundi alirudisha sindano pembeni kabisa. Santuri ikachakarika kidogo na, kabla ya noti ya kwanza, ukasikika mgoto mzito, wa ubao uliopigiliwa godoro.

"Rudia hapo."

Mgoto.

"Huo ni mlango wa studio," Mapafu alisema. "Ulikuwa mzito, usipouvuta kwa mikono miwili haufungi." Aliitazama mikono yake, yenye rangi ya lori kwenye kucha. "Huyo ndiye mimi. Nakwenda kuleta sigara."

Binti aliikumbatia ile priampu kubwa inayong'aa. "Tuchukue hii, Baba. Ulisema mwenyewe, ina joto. Mimi nilikusikia humo. Haki ya Mungu, nilikusikia."

"Ulikuwa unanisikia kwa adabu, mama. Fundi, nifungie hiyo ya bati."

Besi alinyoosha mkono amsaidie kuibeba. Mapafu akauhamishia mzigo upande wa pili, akatangulia nje.

Jumapili iliyofuata nyumba ilinyamaza kama kawaida. Binti alikaa, kiti cha Besi kilikuwa kitupu, na taa mbili ziliiva kwenye bati lao. Sindano ilipogusa ukingo wa santuri, kidole cha baba kilipaa mapema mno, wimbo haujaanza.

"Sasa," alisema.

Mlango ukafungwa. Akanyanyua sindano kabla Kidevu hajafika.