Sauti yangu redioni ilivyotaka kuwapeleka wasikilizaji wangu gengeni, Magamba

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe, na nakiri mapema kwamba kosa lilikuwa langu.

Natangaza kipindi cha matembezi kwenye redio moja ndogo hapa Lushoto. Siku nyingine nafundisha wanafunzi mambo ya porini: kusoma njia, kuwasha moto kwenye unyevu, kutopotea.

Hilo la kutopotea likumbukeni.

Jumamosi mchana huwa namwelekeza msikilizaji njia hatua kwa hatua. Watu wanabeba redio zao na kutembea nazo. Najivunia hilo kuliko inavyofaa.

Jumamosi moja mafua yalinibana, uvivu nao ukasaidia. Nikaweka marudio ya njia ya msitu wa Magamba, niliyorekodi misimu miwili ya mvua nyuma. Mwenyewe nimekaa studio na chai ya tangawizi.

Simu ikaita. Mwalimu Mwanahawa, mstaafu wa kule Vuga, msikilizaji wangu wa siku zote. Yuko msituni na dada yake.

"Mwanangu, tumepinda kushoto kwenye gogo kama unavyosema. Mbona njia inateremka tu? Na ukungu huu hata mbele hatuoni."

Chai ilinipalia. Gogo nililolitaja lilishapasuliwa mbao! Wamepinda kwenye gogo jingine, na pale kuna kijia cha wapasua mbao kinachoishia ukingoni mwa genge.

Kabla sijajibu, simu yake ikazima. Na hapo hapo redioni, mimi wa marudio, kwa furaha zote: "Songa mbele, usiogope, mandhari nzuri iko mbele kidogo tu!"

Wakuu, sijawahi kuichukia sauti yangu kama siku ile.

Nikakata marudio, nikaingia live.

"Mwalimu Mwanahawa, shikamoo. Huyu ni mimi wa sasa hivi. Yule mwingine karekodiwa, msimsikilize! Kaeni chini hapo hapo mlipo. Nakuja na filimbi, mkiisikia gongeni chochote."

Nikamwomba Neema, fundi mitambo wetu, arudie maneno hayo kila baada ya wimbo. Nikadandia bodaboda.

Njia nzima nawaza kitu kimoja: kama betri za redio yao zimeisha je?

Kwenye lile gogo jingine nikapuliza filimbi. Kimya. Nikateremka, nikapuliza tena.

Ko, ko, ko. Kifuniko cha chupa ya chai kwenye jiwe.

Nikawakuta wamekaa, kanga mabegani, wanakula mihogo ya kuchemsha. Hatua kama ishirini mbele yao, genge.

Nikakaa nikalia, na sioni aibu kusema.

Baadaye nikamuuliza Mwalimu aliwezaje kuamua amsikilize nani.

"Redioni mlikuwa wawili," akasema. "Mmoja anachekacheka, mwingine anaogopa. Nikamfuata anayeogopa."

Siku hizi njia nisiyoipita wiki hiyo hiyo siitangazi. Ya msituni hayana marudio, wakuu. Gogo la jana leo ni kitanda cha mtu.

Haya, nisuteni, nimestahili. Na aliyewahi kuponea chupuchupu porini atupie yake hapa.

Mwalimu bado anatembea na redio yake. Ila kila Jumamosi, kabla sijafungua mdomo, anapiga simu studio: "Leo ni wewe, au yule mwingine?"